Mafundo ya Kamba Nyuma ya Jiko la Chuo

Jumatano, 21 Mei

Mafundo manane. Jana saba na nusu.

Nimepita kwenye mwanya wa ua wa michongoma saa kumi na robo, kama kila siku. Mwiba umenishika sweta tena. Upande huu wa ua ni shule yetu, upande ule ni chuo kikuu. Mama ni mpishi huko, kwa hiyo askari wa lango hanisumbui.

Mfuko umevimba vizuri. Ni wa plastiki nyeusi nene, mrefu kama trekta na tela lake, umelala shimoni nyuma ya jiko. Ndani mna mavi ya ng'ombe, ugali uliobaki, mashina ya sukuma wiki na maji. Vikioza pamoja vinatoa gesi. Wanachuo wa kikundi cha mazingira ndio waliouweka. Mkuu wa chuo amewapa hadi Ijumaa, tarehe 18 Julai. Asubuhi hiyo gesi ichemshe chai ya bwalo zima. Isipochemsha, shimo litafukiwa, na lori la kuni litaendelea kuja kila Jumatatu.

Kazi yangu ni kupima. Kamba ya katani yenye mafundo inapitishwa juu ya mfuko, ukingo hadi ukingo. Mfuko ukijaa, mafundo tisa. Ukilala, manne. Kupima ni kazi ya watu wawili. Mimi nashika ncha moja, Dada Mwende ncha nyingine. Yeye ni mwanachuo wa mwaka wa tatu, kiongozi wa kikundi. Halafu naandika kwenye daftari kubwa. Anasema hajaona hati nzuri kama yangu.

Leo amesema msichana mwingine kutoka shule yetu ataongezwa. Sijui kwa nini. Tulikuwa tunatosha.

Ijumaa, 23 Mei

Ni Nafula. Yule mgeni wa darasa la jirani. Baba yake ni polisi, amehamishwa Nyeri kutoka Bungoma mwezi wa pili.

Dada Mwende alimpa glovu za mpira. Nafula akazitazama, akazirudisha, akaingiza mkono mzima kwenye ndoo ya makombo na kuanza kukanda kama anayepika ugali. Akasema, "Mavi ni mavi tu, Dada, hata ya gavana." Dada Mwende alicheka mpaka akashika ukuta.

Amepewa kazi ya kulisha mfuko. Mimi niliiomba kazi hiyo mwezi wa nne. Niliambiwa bado inafikiriwa.

Jumatatu, 26 Mei

Tuliporudi kwa masomo ya jioni, ambapo darasa letu na la kina Nafula hukaa pamoja, wasichana wa nyuma walishika pua. "Woi, watu wa mavi wamefika! Fungueni madirisha!" Wamekuwa wakiniambia hivyo tangu muhula uanze. Mimi huinama na kufungua kitabu.

Nafula aliwajibu hapo hapo mlangoni. "Funga madirisha, wewe. Ukifika chuo utakunywa chai ya hayo hayo mavi na uombe sukari." Darasa zima likacheka. Waliomtania wakampisha kwenye benchi.

Mwezi mzima nimeinamisha kichwa. Yeye siku moja.

Nina wivu. Nimeuandika. Mwalimu wetu wa Kiswahili anasema ukiandika jambo kwa jina lake linapungua. Halijapungua.

Jumamosi, 31 Mei

Siku mbaya.

Makombo lazima yachanganywe na maji, ndoo kwa ndoo, ndipo yaingie kwenye mfuko. Tumekuwa tukitumia maji ya bomba. Leo Nafula ameona Mama na wenzake wakisuuza ndoo za jikoni na kumwaga maji mferejini. Akauliza, "Kwani haya hayawezi kulisha mfuko? Tayari yana chakula ndani."

Dada Mwende aliweka ndoo chini. Halafu akamkumbatia. Kwa mikono yote miwili. Akaita wanachuo wenzake waje wasikie. Mmoja akachukua chaki, akaandika kwenye ukuta wa jiko kwa herufi kubwa: TONE MOJA, KAZI MBILI.

Ni wazo zuri. Ndilo linaloniuma. Nimepita penye mfereji huo kila siku tangu muhula uanze na sikuona kitu.

Kisha wakati wa kupima, Nafula alikuwa karibu, akaokota ncha yangu ya kamba. Yeye na Dada Mwende wakapima. "Tisa kasoro!" wakapiga kelele. Mimi nikaandika.

Jumanne, 3 Juni

Mama amerudi na mikono imepasuka. Nimempaka mafuta ya kujipaka mara mbili. Wanachuo wengi wameumwa tumbo tangu wikendi, na Bwana Afya alikuja asubuhi. Ameagiza ndoo zote za jikoni zisuuzwe kwa klorini. Mama ni mtu wa usafi kupita kiasi. Bwana Afya amesema mara moja, yeye anasuuza mara mbili.

"Hata nzi akitua hapo anakufa," amesema, akijinusa vidole.

Nilikuwa namenya viazi. Mkono ukasimama.

Cucu, mama yake Mama, ana mfuko wa gesi kule Tetu. Mdogo, wa ng'ombe wawili. Mwaka juzi shangazi alimwaga maji ya kufulia yenye klorini kwenye shimo la kulishia, akidhani anasaidia. Mfuko ulilala ndani ya siku chache. Kinachotengeneza gesi ni vijidudu, na klorini haichagui vijidudu. Cucu alipika kwa kuni miezi miwili, na jina la shangazi likaimbwa kila jioni.

Sasa maji ya ndoo za chuo yana klorini. Na maji hayo Nafula anayamimina kwenye mfuko kila jioni.

Nitasema kesho.

Alhamisi, 5 Juni

Sikusema.

Jana nilitaka. Nilifika nikiwa na sentensi yangu tayari. Nafula alikuwa anamimina. Harufu ya klorini ilikuwa wazi kabisa. Yeye ana mafua, nadhani hakuisikia. Dada Mwende akaja na habari: siku ya chai, mbele ya mkuu wa chuo, atakayewasha jiko ni mmoja wetu wasichana wa shule. "Nafula, utakuwa wewe. Wewe ndiye mama wa huu mfuko."

Mama wa mfuko. Ana wiki mbili.

Nikameza sentensi yangu. Leo tena niliimeza. Ya leo ilikuwa rahisi zaidi.

Jumapili, 8 Juni

Kanisani. Nimeomba mitihani, mikono ya Mama, na mvua. Hilo lingine sikulitaja.

Jumatano, 11 Juni

Mafundo sita.

Mama mmoja wa jikoni amesema ni baridi. Ni kweli baridi imeingia. Mlima haujaonekana tangu Jumapili, asubuhi tunatoa moshi mdomoni. Wanachuo wakakubali haraka. Baridi hupunguza gesi, wamesoma hivyo darasani. Dada Mwende akaniambia, "Andika sababu, Wangechi."

Kuna nafasi ya sababu kwenye daftari, upande wa kulia. Nikaandika: *baridi*. Kwa hati yangu nzuri.

Hati ni yangu na uongo ni wangu.

Nafula alivua sweta yake ya shule akaitandika juu ya mfuko. Wanachuo wakamcheka. "Aki, mnacheka nini? Mtoto akihisi baridi si unamfunika?" Sweta moja juu ya mfuko wa urefu huo. Nilitaka kucheka pia. Sikuweza.

Jumatatu, 16 Juni

Mafundo manne. Wamewasha jiko la majaribio. Mwali wa buluu ulitoka, ukayumba, ukazima. Mara tatu. Mara ya nne haukutoka kabisa.

Asubuhi lori la kuni lilikuwa limekuja. Dereva aliuliza kama wanataka aanze kuleta mara mbili kwa wiki.

Wanachuo waligombana. Mmoja akasema shida ilianza huyu msichana alipopewa kulisha. Ati labda anaruka siku. Ati labda anatia maganda ya ndimu. Nafula aliapa kwa jina la marehemu nyanya yake kwamba hajaruka hata siku moja. Kwa mara ya kwanza hakuwa na utani wowote.

Dada Mwende alichukua ndoo mkononi mwa Nafula. Polepole, lakini aliichukua. Akanipa mimi.

"Wewe ni mwangalifu," akaniambia. "Ningekupa tangu mwanzo."

Nimeingoja sentensi hiyo tangu mwezi wa nne. Imekuja. Nilikuwa na ndoo mkononi na sikujua niiweke wapi.

Nafula alivuka ua bila kutuaga.

Jumatano, 18 Juni

Nimewaza jambo baya na nitaliandika.

Jana na leo nimemwaga maji ya klorini mferejini kwa siri, nikachota ya bomba. Hakuna aliyeniona. Ikiwa mfuko utafufuka, utafufuka mikononi mwangu. Watasema Nafula aliuua na Wangechi akauponya. Nitawasha jiko mimi. Kila mtu ataniamini, kwa sababu daftari linasema *baridi*, na daftari naliandika mimi.

Nilikaa nalo jambo hilo somo zima la hesabu. Lilikuwa tamu. Halafu nikaona aibu, lakini utamu ulitangulia.

Mafundo manne. Haufufuki. Mfuko uliokufa haufufuki kwa maji safi tu. Cucu alilazimika kuomba kwa jirani uji wa kuanzishia, kutoka mfuko ulio hai.

Ijumaa, 20 Juni

Nafula amenijia wakati wa mapumziko, kwenye mabomba ya maji. Alikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Ameandika humo kila siku aliyolisha, tangu tarehe 23 Mei: ugali ndoo ngapi, kabichi ndoo ngapi, maji ndoo ngapi. Kwa kumbukumbu. Herufi zake zinapanda na kushuka kama barabara ya Kerugoya.

"Wangechi, wewe ndiye unajua mambo ya kuandika. Linganisha na daftari lako. Niambie nilikosea wapi."

Nikamwambia nitaangalia.

"Sitaki ndoo," akasema. "Baki nayo. Nataka tu kujua nilikosea wapi, nisirudie."

Sijala chakula cha jioni. Mama ameniuliza kama ni tumbo. Nimesema ndiyo. Uongo mwingine. Karatasi iko hapa mbele yangu. Hakukosea popote.

Jumamosi, 21 Juni

Nimesema.

Kwanza kwa Nafula, hapo hapo kwenye mwanya wa ua, kabla sijapoteza nguvu. Nikamwambia kuhusu klorini, Cucu na shangazi. Alisikiliza akivunja kijiti cha michongoma vipande vidogo vidogo.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tarehe tatu."

Akahesabu kwa vidole. Alirudia kidole cha kwanza, akaanza upya. "Siku kumi na nane. Na mimi naapa kwa nyanya yangu mbele ya watu." Kisha, "Kwa nini?"

Nilikuwa nimeandaa majibu mengi. Nikatoa la kweli. "Nilikuonea wivu."

Nilidhani atanipiga. Alinitazama kana kwamba nimesema jambo la kijinga sana. "Mimi? Mimi hata rafiki sina hapa." Akaenda.

Dada Mwende nilimwambia akiwa amekaa kwenye ngazi za jiko. Hakufoka. Aliniomba daftari, akafungua ukurasa wa tarehe 11, akaweka kidole kwenye neno *baridi*. Akafunga. Akachukua ndoo. Hakusema chochote kuhusu hati yangu.

Mama ndiye aliyefoka. "Miaka kumi na sita nakulea, unashindwa kuniambia neno moja? Ningemwaga kando! Ni kazi ya kuinua mkono!" Kisha akatazama mikono yake mwenyewe. Hapo ndipo nililia.

Jumamosi, 28 Juni

Tetu.

Chuo kilitoa gari dogo la mizigo na dereva. Dada Mwende alikaa mbele. Nafula alikuja. Sikutegemea. Alikaa nyuma na mimi kati ya mitungi mitupu, akitazama mashamba ya chai upande wake, mimi upande wangu. Baridi kali.

Cucu alikuwa mlangoni na leso mbili kichwani. Nilimweleza tulichokuja kuomba. Nilimweleza na sababu, yote, kwa sababu nilishaanza kusema ukweli na nilihofia nikiacha sitaweza tena. Alisikiliza. Kisha akaita majirani wawili waliokuwa wakipita na maziwa. "Njooni muone! Watu wa chuo kikuu wamekuja kwangu kuomba mavi!" Wakacheka mpaka maziwa yakamwagika.

Nafula alicheka pia. Kidogo. Akajizuia aliponiona.

Tulijaza mitungi kumi na minne ya uji wa mfukoni, ule mweusi, ulio hai, unaotoa mapovu. Nafula alishika faneli, mimi nikainamisha ndoo. Ulitumwagikia viatuni. Cucu akatupa uji wa kunywa, ule mchachu. Huwa habakishi chungu kitupu. Kila akipika mpya anaacha kikombe kimoja cha zamani ndani, ndicho kinachouchachusha. Nafula alikunywa vikombe vitatu. Akamwambia Cucu kwao Bungoma kuna uji wa wimbi lakini huu umeushinda, lakini asimwambie mama yake. Cucu amempenda. Bila shaka. Nilihisi ule mchomo tena, pale pale chini ya mbavu, mbele ya Cucu wangu mwenyewe.

Jioni tukamimina mitungi yote kwenye mfuko. Dada Mwende amefuta maneno ya ukutani, akaandika tena, na chini yake akaongeza: ULIZA MAJI YAMETOKA WAPI.

Jumapili, 6 Julai

Manne.

Jumatano, 9 Julai

Manne na nusu. Au kamba imelegea. Siku tisa zimebaki.

Sigusi ndoo ya kulishia. Nimeomba kazi ya kuosha ndoo pamoja na Mama, zile za klorini, na kuhakikisha maji yanakwenda mferejini. Mikono yangu imeanza kupasuka. Mama ananipaka mafuta sasa.

Kamba hupimwa na Dada Mwende na Nafula. Naambiwa namba, naandika.

Jumatatu, 14 Julai

Sita! Nilimsikia Nafula kutoka mabombani. Alipiga kelele kama mtu aliyefunga bao. Ndoo ikaniponyoka, Mama akashtuka, akaniita majina.

Ijumaa, 18 Julai

Niliamka saa kumi na moja alfajiri na kwenda kazini na Mama.

Mkuu wa chuo alifika amevaa koti refu, akasimama na mikono mifukoni. Wanachuo walijaa mlangoni na vikombe vyao. Sufuria kubwa nne. Dada Mwende alimpa Nafula kiberiti.

Mimi nilikuwa kwenye mabomba, nje. Ningeweza kuingia. Hakuna aliyenikataza. Lakini ndoo zilikuwa nyingi, na nilijua nikiona mkono wake ukiwasha nitaumia, na sikutaka kuumia siku hiyo mbele yake. Kwa hiyo nilisikia tu. Njiti. Kimya. Kisha ule mvumo wa gesi ikishika. Kisha makofi.

Sufuria tatu zilichemka. Ya nne ilifika vuguvugu, gesi ikaisha, wakaimalizia kwa kuni. Mkuu wa chuo alisema alitaka chai ya bwalo zima na hii ni robo tatu ya bwalo. Kisha akaomba kikombe cha pili cha chai ile ya gesi, akasema shimo lisifukiwe. Wapewe muhula mwingine.

Lori la kuni litakuja Jumatatu, lakini nusu ya mzigo.

Mama aliniletea chai nje. Ilikuwa nzuri. Bado nina wivu. Nimeuangalia vizuri na bado upo, ila hauniambii tena la kufanya. Leo ulikaa tu, mimi nikaosha ndoo.

Jumatatu, 21 Julai

Wanachuo wako kwenye mitihani. Nyuma ya jiko hapakuwa na mtu. Mlima umetokea, mweupe juu, mara ya kwanza baada ya wiki nyingi.

Nimefungua daftari ukurasa wa tarehe 11 Juni. Shuleni tunafundishwa tusifute kwa kuchafua. Piga mstari mmoja mwembamba, neno la chini libaki likisomeka. Nimepiga mstari kwenye *baridi*. Juu yake nimeandika: *Klorini katika maji ya kusuuzia ndoo. Aliyelisha hakukosea. Mwandishi alijua tangu tarehe 3 Juni, hakusema. Wangechi.* Kisha nimebandika karatasi ya Nafula hapo kando, ile yenye herufi zinazopanda na kushuka.

Nafula akapita kwenye mwanya wa ua. Sikujua kama angekuja leo. Alisimama nyuma yangu akasoma, polepole, midomo ikisogea.

Aliinama, akaokota ncha moja ya kamba. Akaenda nayo upande wa pili wa mfuko. Ncha nyingine ilibaki chini, miguuni pangu.

Nikaiokota. Tukaivuta mpaka ikakaza.

"Saba," akasema.

Nikaandika saba.